Mfinyanzi Hulia Gaeni

Kikuubo ni neno la Kiganda lenye maana ya njia nyembamba, na mtu akifika huko mara ya kwanza haulizi kwa nini pakaitwa hivyo. Ni uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na vituo vya mabasi na teksi. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, mchele na vyombo vya plastiki hutoka hapo kwenda Uganda nzima, kisha huvuka mipaka. Wapagazi hupita na mizigo kichwani wakipaza sauti, "Fasi! Fasi!", na asiyepisha hupigwa kikumbo. Ssenga wangu, yaani shangazi, ana duka la plastiki huko, nami wakati wa likizo humsaidia kuhesabu mali. Tunachouza kuliko vyote ni jerikeni la njano la lita 20. Ssenga huliita ekidomola. Wateja wanaotoka Bunia na Butembo huliita bidoni. Mteja wa Mwanza husema dumu. Chombo ni kimoja, majina ni manne, na bei ni ileile baada ya kubishana.

Likizo iliyopita nilikuwa na kazi ya kusoma juu ya ufinyanzi wa Wafoinike wa kale. Nilisoma dukani, wateja wakipungua, na mwanzoni mada ile niliiona kuwa ya mbali sana. Siku moja Ssenga aliniuliza hao watu walifanya kazi gani. Nikamjibu kwamba walikuwa wafanyabiashara wa baharini, waliuza divai, mafuta, mbao na vitambaa. Akauliza, "Waliviweka ndani ya nini?" Nikasema, divai na mafuta viliwekwa ndani ya mitungi ya udongo. "Basi walikuwa watu wa Kikuubo," akasema, akaendelea kuhesabu fedha zake.

Nadhani Ssenga alisema kweli zaidi kuliko alivyokusudia. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba chombo cha udongo ni shahidi mwema wa historia, hasa historia ya watu ambao maandishi yao yamepotea au hawakuandika. Nataka pia kuonyesha kwamba sisi wa Afrika Mashariki na Kusini tuna sababu ya pekee ya kumjali shahidi huyo, kwa sababu jina la Wafoinike liliwahi kutumiwa kutunyang'anya historia yetu, na vigae ni miongoni mwa mashahidi walioirudisha.

Kwanza, Wafoinike walikuwa nani? Walikaa katika ukanda mwembamba wa pwani ambao sehemu yake kubwa leo ni Lebanoni. Msomaji wa Biblia anaijua miji yao: Tiro, Sidoni na Gebali, ambao Wagiriki waliuita Byblos. Hiramu, mfalme wa Tiro, ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi ya kujengea hekalu, na sura ya 27 ya kitabu cha Ezekieli inaorodhesha bidhaa za Tiro kama daftari la mwenye duka: fedha, chuma, bati na risasi, ngano, asali, mafuta, divai, sufu. Hawakuwa na dola moja. Kila mji ulikuwa na mfalme wake, na hata jina la Wafoinike walipewa na Wagiriki. Kutoka pwani hiyo walisafiri magharibi, wakaanzisha vituo Saiprasi, Sisilia, Sardinia na Hispania. Kartago, katika Tunisia ya leo, kulingana na mapokeo ya kale ilianzishwa mwaka 814 KK.

Watu hao waliipa dunia maandishi. Alfabeti yao ilikuwa na herufi 22, zote konsonanti. Wagiriki waliichukua wakaongeza irabu, na kutoka kwa Wagiriki zikatokea herufi za Kirumi ninazoandika sasa. Waaramu nao waliichukua, na kupitia kwao zikatokea herufi za Kiarabu. Maana yake ni kwamba Kiswahili, kiwe kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu kama zamani au kwa hati ya Kirumi kama leo, kimeandikwa kwa wajukuu wa herufi za Tiro na Sidoni. Hata neno Biblia tumelipata kwa njia ya Kigiriki, na linahusishwa na jina la Byblos, mji uliojulikana kwa biashara ya mafunjo. Lakini tazama ajabu yake: Wafoinike wenyewe waliandika zaidi juu ya mafunjo, na mafunjo yaliozea katika unyevu wa pwani. Yamebaki maandishi machache ya kwenye mawe na chuma. Mengi tunayosoma juu yao yaliandikwa na majirani, washindani na maadui. Wagiriki waliwaita wajanja wa biashara, na Warumi walioiteketeza Kartago mwaka 146 KK hawakuwa na haja ya kuwasifu.

Kilichobaki kwa wingi ni vyungu. Udongo ukishachomwa hauozi. Ukivunjika, vipande vyake hukaa ardhini maelfu ya miaka bila kubadilika sana. Tena, mfinyanzi hakukifanya chombo ili kuwadanganya watu wa baadaye. Mfalme anayechonga jiwe anaweza kujisifia vita alivyoshindwa, lakini sufuria ya udongo yenye masizi chini inasema tu kwamba hapa palipikwa.

Vyombo vya Wafoinike vinasema mambo ya namna tatu. Kuna vyombo vya mezani, hasa vile vilivyopakwa tope laini jekundu na kung'arishwa kabla ya kuchomwa, vikatoka na wekundu unaong'aa. Vyombo hivyo vimepatikana kuanzia Lebanoni hadi Hispania, na kwa kuvifuata wanaakiolojia wameweza kuchora njia za meli. Kuna vyombo vya makaburini. Katika makaburi ya al-Bass huko Tiro, majivu ya marehemu yaliwekwa ndani ya mtungi, na pembeni yakawekwa majagi na bakuli la kunywea. Jagi moja la aina hiyo lina mdomo uliotanuka kama kofia ya uyoga. Kwa hiyo mtu alisindikizwa na vyombo vya karamu, kana kwamba kunywa pamoja ni jambo lisilokoma kaburini. Na kuna mitungi ya mizigo, isiyo na pambo lolote, iliyofinyangwa kwa mamia ili ijazwe na kupakiwa.

Mitungi hiyo ya mizigo ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Robert Ballard na Lawrence Stager walichunguza meli mbili zilizozama katika karne ya 8 KK, mbali kidogo na pwani ya Ashkeloni, kwenye kina cha mita 400 hivi. Mbao za meli zilikuwa zimeliwa, lakini mizigo ilikuwa bado imepangwa kwa umbo la meli: mamia ya mitungi. Ndani yake ilikuwa imepakwa utomvu ili isivuje, na uchunguzi ulionyesha mabaki ya divai. Kulikuwa pia na vyungu vya mabaharia vya kupikia, chombo cha kufukizia ubani, na jagi moja lenye mdomo wa uyoga. Jagi hilo ni miongoni mwa vitu vilivyowafanya watafiti waseme kwamba mabaharia wale walikuwa Wafoinike. Mitungi ililingana kwa umbo na kipimo, kila mmoja karibu lita 18. Nilipofika kwenye tarakimu hiyo niliinua macho nikatazama jerikeni zetu za lita 20 zilizorundikwa hadi darini. Mchuuzi wa divai wa Tiro na Ssenga wangu walifikia jibu lililokaribiana: chombo ambacho mtu mmoja anaweza kukiinua kikiwa kimejaa, na ambacho mnunuzi hahitaji kukipima upya.

Jerikeni lenyewe lina historia yake. Lilianza likiwa kopo la chuma la petroli la jeshi la Ujerumani, lililobuniwa miaka ya 1930 kwa kipimo cha lita 20. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliliona kuwa bora kuliko makopo yao, wakaliiga, na jina lake linatokana na "Jerry", lakabu waliyowapa Wajerumani. Baadaye likatengenezwa kwa plastiki, likajazwa mafuta ya kupikia, na mafuta yakiisha likageuka kuwa chombo cha maji cha kila nyumba ya Uganda.

Sasa fikiria jambo hili. Mtu akichimba Goma miaka 2000 ijayo akakuta majerikeni yaliyotoka Kikuubo, atakuwa na haki ya kusema kwamba kulikuwa na biashara. Hatakuwa na haki ya kusema kwamba Waganda waliijenga Goma. Atakuwa na haki ndogo zaidi ya kusema kwamba Wajerumani waliijenga, kwa sababu tu umbo la chombo lilianzia kwao. Vyombo husafiri bila waliovitengeneza. Jambo hili ni rahisi, na kila mpagazi wa Kikuubo analijua. Lakini kulikuwa na wakati ambapo wasomi wakubwa walikataa kulijua.

Mwaka 1891 Theodore Bent alichimba katika magofu ya Zimbabwe Kuu, kwa msaada wa watu wa Cecil Rhodes. Aliona kuta ndefu za mawe zilizopangwa bila saruji, akaona haiwezekani Waafrika kuwa wamezijenga. Katika kitabu chake cha mwaka 1892 aliwapa sifa hiyo wageni wa kale kutoka kaskazini, na kwa miaka mingi baadaye Wafoinike walitajwa kama wajenzi wake. Richard Hall, aliyepewa kazi ya kuyatunza magofu mwanzoni mwa karne ya 20, aliondoa tabaka za udongo akitafuta dalili za wageni hao, na katika kufanya hivyo akatupa mabaki ya watu waliokaa pale kweli. Uongo huu ulikuwa na faida kwa waliousema. Ikiwa wajenzi walikuwa wageni weupe wa zamani, basi wageni weupe wa sasa walikuwa wanarudi kwao tu.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba kwa uangalifu zaidi. Vigae alivyovikuta chini ya sakafu za nyumba vilifanana na vyombo vya wenyeji, na bidhaa za kigeni zilikuwa za zama za kati, hazikuwa za wakati wa Wafoinike. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alirudia kazi hiyo akafikia uamuzi huohuo: Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika. Hata hivyo uongo haukufa upesi. Serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kuukumbatia, na mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyesema ukweli, aliondoka nchini humo mwaka 1970. Vigae vile havikubadilisha kauli. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilichukua jina la magofu hayo.

Kosa la namna hiyo liligusa pwani yetu pia. Kwa muda mrefu waliochunguza Kilwa, Gedi na Manda walivutiwa na vyombo vya rangi kutoka Uajemi na Uchina, na miji ya Waswahili ikasemwa kuwa makoloni ya watu wa Asia. Lakini katika miji hiyo vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo tu. Vigae vingi ni vya vyungu vya kupikia vya wenyeji, visivyong'aa, vyenye mistari na pembetatu zilizochorwa kwa ncha ya kijiti. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, na kazi ya Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba vyungu hivyo viko tangu tabaka za chini kabisa, na kwamba vinafanana na vile vya bara. Sahani ya Kichina ilinunuliwa. Chungu cha wali kilifinyangwa nyumbani.

Na sisi wa Uganda je? Vyungu vya zamani vinavyojulikana sana kandokando ya Ziwa Viktoria huitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, magharibi mwa Kenya. Vilielezwa katika chapisho la mwaka 1948 na akina Leakey pamoja na Archdeacon Owen. Vingi vina kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kwa kidole kabla ya udongo kukauka, na midomo iliyokatwa kwa mshazari. Vimepatikana Uganda, Rwanda, Burundi, Kagera na mashariki ya Kongo, pamoja na dalili za kilimo na za uyeyushaji wa chuma, na vya zamani zaidi vinarudi katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Wakati Kartago ikipigana na Roma, huku kwetu palikuwa na wafinyanzi waliojua kazi yao.

Mwaka 1929, mwaka uleule Caton-Thompson alipokuwa Zimbabwe, wafungwa waliokuwa wakifanya kazi katika gereza la Luzira, hapa Kampala, waliibua kutoka ardhini vipande vya sanamu za udongo uliochomwa. Kimojawapo ni kichwa cha mtu, chenye nywele zilizofinyangwa kwa uangalifu. Leo kinaitwa Kichwa cha Luzira, na kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kwa miaka mingi hakuna aliyekijua umri. Mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley waliandika kwamba jibu lilikuwa katika vigae vya kawaida vilivyochimbuliwa pamoja nacho. Vigae hivyo vinakiweka katika mwisho wa milenia ya kwanza au mwanzo wa milenia ya pili BK, kabla ya falme kama Buganda kusimama. Kichwa kilipendeza kikasafirishwa. Vigae visivyopendeza ndivyo vilivyokipa umri.

Mambo haya yangenipita kama habari za vitabuni tu, kama si jambo moja nililofanya mwenyewe. Jjajja wangu, bibi mzaa baba, anayeishi kijijini upande wa Masaka, alikuwa na ensuwa, yaani mtungi wa maji. Aliununua gulioni kwa mfinyanzi mwenyewe, akaugonga kwa kidole kusikiliza kama una ufa kabla ya kulipa. Ulikaa kwenye kona yenye giza, na maji yake yalikuwa baridi hata wakati wa kiangazi, kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye udongo, yakikauka huondoka na joto. Mwaka juzi nilimpelekea zawadi ya majerikeni mawili mapya kutoka Kikuubo. Nilipokuwa nayapanga, mtungi ulianguka ukavunjika. Nilifagia vipande nikavitupa shimoni nyuma ya migomba, nikijiambia kwamba sasa ana vyombo vizuri zaidi. Jjajja hakunikemea. Aliuliza tu, "Hata oluggyo hukuniachia?"

Oluggyo ni kigae. Nilidhani anasema kwa huzuni, kumbe alikuwa na kazi nacho: kigae kikubwa hubeba makaa ya moto kutoka jikoni moja hadi jingine. Baadaye nilisoma kwamba wafinyanzi wengi wa Afrika husaga vigae vya zamani na kuvichanganya na udongo mpya, ili chungu kisipasuke kikichomwa. Methali ya Kiswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, na tumeizoea kama kejeli juu ya fundi asiyefaidi kazi yake. Siku hizi naisikia tofauti kidogo. Mfinyanzi analia gaeni kwa sababu anajua gae bado ni chombo.

Sisemi kwamba turudi kwenye mitungi. Jerikeni halivunjiki, ni jepesi, lina kifuniko, na duka la Ssenga ndilo linalonilipia karo. Wala ufinyanzi haujafa. Sigiri za udongo zinauzwa Kampala nzima, na mahali panaponyweka malwa bado unaweza kuwakuta watu wazima wameuzunguka mtungi mmoja na mirija yao mirefu, kama Waiteso walivyonywa ajon tangu zamani. Ninachosema ni kwamba Zimbabwe ilikaribia kupoteza historia yake mikononi mwa mtu aliyetupa vigae akitafuta kitu cha maana zaidi, na mimi nilifanya vilevile kwa nia njema. Walioandika habari za Tiro walikuwa wageni, lakini vyungu vya Tiro viliwasahihisha. Wageni wakituandika sisi, nani atawasahihisha ikiwa shimo la takataka ni letu wenyewe?

Krismasi iliyopita nilichukua jembe nikaenda nyuma ya migomba. Nilipata vipande saba, kimoja cha mdomo, chenye alama za kamba iliyosokotwa iliyoviringishwa juu ya udongo ulipokuwa mbichi. Pambo la namna hiyo limepatikana pia Ntusi, kwenye makazi ya wafugaji na wakulima wa miaka 900 hivi iliyopita, si mbali na Bigo. Nilimsomea Jjajja habari hiyo. Alikichukua kipande kikubwa kuliko vyote akaenda nacho jikoni. Vile sita alinipa, pamoja na jina la gulio aliponunua mtungi na majina ya vyungu vyote alivyowahi kuwa navyo, na nikayaandika yote.